Mafuta ya nyonyo kwenye ngozi: pa kuyapaka na pa kuyaacha

Dada uliyeuliza kama mafuta ya nyonyo yanaondoa chunusi na madoa, kama ni kweli yana sumu, na kama mjamzito anaruhusiwa kuyapaka: mimi ni mtumiaji wa miaka mingi na chupa haikosekani ndani. Ila usoni siyapaki, labda midomo tu.

Nianze na sumu, maana hapo ndipo watu wanapotishana. Mbegu ya mnyonyo ina sumu kweli, tena kali, inaitwa risini. Ndiyo inayotajwa katika kifo cha mwandishi wa Bulgaria, Georgi Markov, aliyeshambuliwa London mwaka 1978. Mtoto akitafuna mbegu hizo, usisubiri dalili, kimbiza hospitali. Lakini risini ni protini, haiyeyuki kwenye mafuta. Mbegu zikikamuliwa inabaki kwenye mashudu, na kiwandani mafuta hupitishwa kwenye joto linaloharibu masalia yake. Ndiyo maana mafuta hayo hayo yamo kwenye rangi nyingi za midomo.

Kwa hiyo wale wanaoshauri usage mbegu nyumbani na kupaka rojo lake, tafadhali waachieni wenyewe. Ukisaga mbegu umesaga na sumu yake, na vumbi lake linaweza kuamsha pumu kwa mwenye mzio. Nunua yaliyokamuliwa tayari, na usome lebo: iandikwe Ricinus communis. Nasema hivi kwa sababu kuna mahali nyonyo huitwa mbono, na mbono kaburi ni mmea mwingine kabisa, Jatropha curcas. Sumu ya huyo inayeyuka kwenye mafuta, inatoka nayo, na inaunguza ngozi.

Sasa kazi yake. Karibu asilimia 90 ya mafuta haya ni asidi ya risinoleiki, na ndiyo inayoyafanya yawe mazito na ya kunata. Hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanafanya kazi ya kifuniko, yanazuia maji yaliyopo yasitoroke. Ukiyapaka kwenye ngozi kavu iliyopauka utabaki unang'aa na kunata, chini yake ukavu uko pale pale. Mimi naloweka miguu, nasugua visigino taratibu, najipangusa nikiacha unyevu kidogo. Halafu natia matone machache kiganjani, nayafikicha mpaka yapate joto na kuanza kuteleza, napaka kwenye magaga na kuvaa soksi za pamba za kulalia. Asubuhi zile kingo ngumu zilizokuwa zikikwaruza shuka zinakuwa zimelainika, na siku chache baadaye nyufa zinaanza kupungua. Viwiko na magoti navyo hivyo hivyo. Nyufa zikiwa na damu au usaha, hapo si suala la mafuta tena, na mwenye kisukari asijitibu miguu mwenyewe.

Kwa eneo kubwa usiyapake matupu, hayasambai. Changanya sehemu 1 ya nyonyo na sehemu 3 za mafuta mepesi, kama ya alizeti.

Chunusi: sikushauri. Madai kwamba yanaponya chunusi hayajathibitishwa kwa watu, na kwenye uso wenye mafuta tayari, uzito ule unaweza kuziba vitundu na kukuongezea kazi. Madoa nayo hayafutwi na nyonyo. Ngozi iking'aa doa huonekana hafifu, ukinawa linarudi. Kinachosaidia ni muda na kinga ya jua, na nyonyo si kinga ya jua. Kuna pia wanaoyapaka kwenye baka jeusi wakitumaini litadondoka. Baka linalokua, kubadilika rangi au kutoa damu ni la kumwonyesha daktari wa ngozi, na kulipaka mafuta ni kupoteza muda usio wako.

Mzio upo, ingawa si wa kila mtu. Dalili ya kawaida ni midomo kuwasha, kuvimba na kubanduka. Jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10, kwa sababu mzio wa ngozi hauji papo hapo kila mara. Siku moja haitoshi kukupa jibu. Kope? Chupa ya kupaka mwilini haijatakaswa kwa ajili ya macho, na hakuna uthibitisho kwamba yanazirefusha.

Kwa mjamzito, tofauti ni kati ya kupaka na kunywa. Kupaka kidogo kwenye visigino si jambo la kuogofya. Kunywa ndiko kwenye hatari: mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba asidi ile ile ya risinoleiki husukuma utumbo na mfuko wa uzazi pia. Kwa hiyo asinywe "kuharakisha uchungu" kwa ushauri wa mtaani. Na mtoto mchanga asitiwe puani wala mdomoni, mafuta yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia.

Chupa yako iweke mbali na jua, kifuniko kikiwa kimebana. Yakianza kunuka uchachu, mwaga.