Maswali na majibu: alama ya kutoa kwenye saketi ya kujumlisha

Mwalimu, opampu yangu (chipu ya kukuza volti) ya kujumlisha inapokea volti 1 kupitia rezista ya kilo-omu 10, na volti -3 kupitia kilo-omu 20. Rezista ya kurudisha, kutoka tokeo hadi mguu wa hasi, ni kilo-omu 20; mguu wa chanya uko ardhini, yaani volti 0. Kwenye tokeo mimi napata volti -1, mwenzangu +1. Nani yuko sawa? (Mwanafunzi, Kisumu)

Mwenzako. Mikondo miwili ya kuingia uliiandika vizuri, kisha ukaisawazisha na volti ya tokeo kugawa kwa 20. Makutano, pale rezista zote zinapokutana kwenye mguu wa hasi, opampu huyashikilia kwenye volti ya mguu wa chanya, hapa 0. Kwa hiyo mkondo unaotoka kwenye makutano kwenda kwenye tokeo ni *sifuri kutoa* volti ya tokeo, kugawa kwa 20. Wengi huiruka hiyo sifuri kwa kuona haina kazi. Iandike kila mara, hata ikikuchosha.

Sasa ufuate mkondo wenyewe. Chanzo cha kwanza kinaingiza miliampea 0.1, cha pili kinavuta 0.15. Pengo ni 0.05, na mguu wa opampu hautoi kitu, basi pengo hilo linazibwa na tokeo. Mkondo ukitoka kwenye tokeo kuja mahali penye volti 0, tokeo liko juu ya sifuri: 0.05 mara 20, yaani +1.

Nikiuhamisha mguu wa chanya hadi volti 2, nijumlishe tu 2? (Yuleyule)

Usijumlishe. Makutano nayo yanapanda hadi 2, kwa hiyo kila tofauti inabadilika: 1 kutoa 2, na -3 kutoa 2. Vyanzo vyote sasa vinavuta, 0.1 na 0.25. Jumla ni 0.35, mara 20 ni 7. Tokeo ni 2 jumlisha 7: volti 9, si 3.

Miksa niliyounda kwa saketi hii inageuza alama ya sauti, chanya kuwa hasi. Watu matangani watasikia tofauti? (Fundi, Kondele)

Ikiwa peke yake, hapana. Ila maiki ileile ikifika spika nyingine kwa njia isiyogeuzwa, besi itapotea kati ya spika hizo mbili, na hapo utalaumiwa. Ongeza hatua ya pili ya kugeuza yenye rezista mbili zinazolingana. Chipu ya TL072 ina opampu mbili ndani, hivyo huhitaji kununua nyingine.

Nimepiga hesabu nikapata -4, lakini mita inasoma karibu sifuri. Natumia opampu ya LM358 na betri moja ya volti 9. (Nakuru)

Hesabu iache, ni sahihi. Hasi ya betri ndiyo ardhi yako, na tokeo haliwezi kushuka chini yake. Unganisha betri mbili mfululizo, na pale zinapokutana pawe ardhi.