Usiseme "mishipa inauma", taja vidole

Nilikuwa nimeshona kwa cherehani miaka kumi na tisa mkono wangu wa kulia ulipoanza kuniamsha usiku. Saa nane, saa tisa, nashtuka kiganja kimekufa ganzi na vidole vinachoma kama vimeshika pilipili. Naukung'uta, baada ya dakika chache unatulia, nalala tena. Asubuhi nikikaa kazini uzi unaniponyoka, na kutunga sindano kunanichukua muda.

Nilipoteza miezi saba, na kilichonipotezea ni neno moja: mshipa. Kila niliyemwambia "mishipa ya mkono inaniuma" alinielewa kivyake. Jirani yangu alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, kwa sababu kwake yeye mshipa ni ule unaosimama chini ya ngozi. Kwenye duka la dawa niliuziwa vidonge vya vitamini B, pakiti baada ya pakiti, bila kupimwa chochote. Neno hili tumelibebesha mzigo mkubwa: mshipa wa damu ni mshipa, neva, ule uzi wa mwilini unaopeleka hisia, ni mshipa, kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, nayo mshipa, hata ngiri watu huiita mshipa. Na kuhusu vile vidonge, baadaye nilikuja kujua kwamba vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva. Hilo liliniuma sana.

Hospitalini nilimkuta kijana wa tiba ya viungo. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Mama, ni vidole vipi?"

"Vyote."

"Hebu twende kimoja kimoja, mama. Fumba macho."

Akachukua pamba kidogo akaanza kunigusa. Kidole gumba, nahisi kwa mbali. Cha shahada, kwa mbali. Cha kati, kwa mbali. Cha mwisho, nahisi vizuri kabisa. Alipofika kidole cha pete akagusa ubavu unaotazama gumba: kwa mbali. Akagusa ubavu wa pili, unaotazama kidole cha mwisho: vizuri kabisa. Kidole kimoja, nusu kizima, nusu ganzi! Nilipofumbua macho alikuwa amekwisha kuchora mstari wa kalamu katikati ya kidole hicho, kutoka ncha hadi kwenye kiganja.

Mstari ule ndio mpaka wa neva mbili. Upande wa gumba unahudumiwa na neva ya kati. Neva hii, ikifika kwenye kifundo cha mkono, hupita kwenye njia nyembamba: chini na ubavuni ni mifupa, juu ni ukanda mgumu, na humo ndani imebanana na kano tisa za kukunjia vidole. Njia ikijaa, mfupa hausogei na ukanda haupanuki, basi anayeumia ni neva. Usiku tunalala tumekunja vifundo, njia inazidi kubana, ndiyo maana ganzi huja wakati mkono umepumzika. Neva ya upande wa kidole cha mwisho haimo katika njia hiyo. Yenyewe hupita nyuma ya kiwiko, pale unapojigonga ukahisi umeme unakimbilia kidoleni.

Neva zote mbili zinaanzia shingoni. Uti wa mgongo hutoa jozi 31 za neva, na zile za mkono hutoka sehemu ya chini ya shingo na mwanzo wa kifua, zikasukana karibu na mtulinga kama ukili, kisha zikaachana kila moja na njia yake. Kwa hiyo gumba linaweza kufa ganzi kwa tatizo lililoko shingoni. Hapo mara nyingi maumivu hushuka kutoka shingoni au begani, na hubadilika ukigeuza kichwa. Ganzi inayoanzia kwenye nyayo zote mbili, kama umevaa soksi, hiyo ni habari nyingine, kapime sukari. Na ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, mdomo umepinda au maneno hayatoki, usihesabu vidole wala usisubiri asubuhi. Huenda ni kiharusi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Mimi nilipewa gango la kunyoosha kifundo, nilivae usiku. Wiki mbili za kwanza lilinikera. Ya tatu nililala hadi alfajiri bila kuamka. Nikapimwa pia sukari na tezi ya shingo, maana magonjwa hayo hubana njia ile ile. Hata ujauzito huibana. Wengine huchomwa sindano ya kupunguza uvimbe, wengine hufanyiwa upasuaji wa kukata ule ukanda. Tafadhali tazama nyama iliyotuna chini ya gumba lako na uilinganishe na ya mkono wa pili. Ikiwa imebonyea, usingoje. Neva iliyoharibika hukua upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa muda mrefu bila neva huenda usirudi tena. Fundi mwenzangu mmoja alichelewa: baada ya upasuaji ganzi iliisha, lakini vifungo hadi leo anafungiwa na binti yake.

Sasa mtu akija dukani kwangu analalamika mishipa, namkalisha na kipande cha uzi. Juzi alikuwa dada wa mashine ya ovaloki. Gumba zuri, cha shahada kizuri, cha kati kizuri. Kidole cha mwisho, na ubavu wa pete unaokitazama, hahisi uzi. Nikaenda kumtazama akiwa kazini: siku nzima kiwiko chake kimeegemea ukingo wa meza. Nikamkunjia kitambaa tabaka nne tukakitandika pale, na karatasi ya kliniki nikamwandikia mwenyewe: "ganzi, kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, mkono wa kushoto, tangu mwezi wa tatu".