Kopo la boga halipo, boga lipo: majibu ya maswali yenu ya jikoni

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu walioishi Marekani, au waliooa na kuolewa huko, na sasa wanapika vyakula vya Kimarekani mbali na maduka ya Kimarekani. Wengi wananiuliza watapata wapi kopo fulani au paketi fulani. Mimi huwarudishia swali: hicho kitu kinafanya kazi gani ndani ya sufuria? Kinatia uchachu, kinashikiza, kinalainisha au kinaleta utamu? Ukishaijua kazi yake, mara nyingi sokoni kwenu kuna kitu kinachoiweza. Maduka ya bidhaa za nje yapo Dar es Salaam na Nairobi, lakini kulipa bei ya kuku kwa kopo moja la boga, na boga lenyewe limejaa gengeni, ni kujiumiza bure.

Shikamoo mama. Wifi yangu ni Mmarekani, tunaishi naye Moshi. Novemba wana sikukuu yao ya Shukrani na tunataka kumwandalia pai ya boga na ile rojo nyekundu ya cranberry. Kopo la boga hatulipati, na cranberry hatujawahi hata kuziona. Tufanyeje? (Wifi mtu, Moshi)

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki kwa kumjali wifi yako. Sikukuu hiyo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Anza na boga siku moja kabla.

Boga la kopo la Marekani ni zito, halina maji, na hapo ndipo boga letu linapotuangusha. Mtu analichemsha, analiponda, anamimina kwenye unga wa pai, kisha pai inatoka inalia maji. Usilichemshe. Chagua boga kavu, zito mkononi, nyama yake ya chungwa iliyokolea. Likate vipande vikubwa na maganda yake, toa mbegu, kisha lioke kwenye oveni au lipike kwa mvuke hadi kisu kizame. Kwangua nyama, iponde vizuri, iweke kwenye kitambaa safi ulichotandika juu ya chujio, na uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta maji ya njano yamejaa bakuli la chini, na boga limebaki zito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Hapo limefika. Kopo la kawaida la kule ni gramu 425, kwa hiyo pima kiasi hicho.

Mapishi yatakudai pia kopo la maziwa mazito yasiyo na sukari, yale yaliyopunguzwa maji kwa zaidi ya nusu, mililita 354 hivi. Mkiyakosa, tumieni tui zito la kwanza la nazi. Watu wa pwani wamepika boga la nazi tangu zamani na wanajua jinsi viwili hivi vinavyopatana. Wifi yako ataionja nazi, lakini sidhani kama atalalamika. Viungo vyake ni mdalasini, tangawizi, karafuu kidogo na kungumanga. Wamarekani hununua mchanganyiko wake umeshasagwa, nyinyi mnaweza kusaga asubuhi hiyo hiyo. Karafuu isizidi robo kijiko cha chai, ikizidi inameza ladha ya boga.

Kuhusu cranberry, hayo ni matunda madogo mekundu, machachu, yanayolimwa sana Wisconsin na Massachusetts. Kazi yake mezani ni uchachu unaokata mafuta ya nyama. Choya inaiweza kazi hiyo barabara. Chukua vikonyo vya choya iliyokaushwa, vikombe viwili, uvioshe upesi na kuviloweka kwa maji ya moto hadi vilainike. Vipike kwa moto mdogo na maji yake, kikombe kimoja cha sukari, ganda la chungwa lililokwaruzwa na kipande cha tangawizi. Choya kavu haigandi vizuri peke yake, kwa hiyo kwaruza epo moja humo humo lisaidie kushikiza. Ikipoa inakuwa nyekundu ya damu ya mzee na inateleza kwenye kijiko. Mimi naipenda kuliko ya cranberry, na nasema hivyo mbele ya Mmarekani yeyote.

Nilikaa Ohio miaka mingi, sasa nimerudi Dodoma. Watoto wananililia mkate wa mahindi. Nimetumia unga wa sembe, umetoka kama tofali. (Baba wawili, Dodoma)

Pole ndugu yangu. Sembe imekobolewa na kusagwa laini mno, inafaa ugali. Mkate wa mahindi unataka unga wenye chembechembe. Nenda mashineni uombe dona, tena mwambie asage kubwa kidogo, kisha uchekeche kuondoa pumba nene. Changanya kikombe kimoja cha dona na kikombe kimoja cha unga wa ngano. Usishangae ukitoka mweupe badala ya njano, maana mahindi yetu mengi ni meupe. Hata kusini mwa Marekani wapo wanaoupika kwa mahindi meupe na hawataki mengine.

Kitu cha pili ni maziwa. Mapishi yako bila shaka yanasema buttermilk, yaani maziwa yao machachu, na nahisi wewe ulitia maziwa freshi. Buttermilk kazi yake ni uchachu: unakutana na bekingi soda, hewa inazalika, mkate unaumuka. Ukitia maziwa freshi, soda inakosa mwenzake, mkate unabaki mzito na una ladha ya sabuni. Tumia mtindi au maziwa mgando, robo tatu kikombe, ukiyalegeza kwa robo kikombe cha maziwa freshi. Wasomaji wa Kenya, maziwa lala yanafaa vilevile, na Rwanda mnayo ikivuguto. Siku huna hata mtindi, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau kwenye kikombe, jaza maziwa freshi, subiri dakika kumi yakatike. Hiyo ni njia ya dharura, mtindi ni bora zaidi. Kikombe kimoja cha mtindi kinatosheka na nusu kijiko cha chai cha soda.

Tena nakuonya kwa sababu nimeshaulizwa mara nyingi: magadi ya kuivishia maharage si bekingi soda. Magadi yale, yanayotoka Ziwa Natron na Ziwa Magadi, yana nguvu kuliko soda ya keki, na yataharibu rangi na ladha ya mkate wako. Tumia ile soda ya paketi iliyoandikwa baikaboneti.

Ongeza mayai mawili, mafuta theluthi ya kikombe, chumvi, na sukari kadiri watoto wako walivyozoea. Kisha tafuta kikaango kizito cha chuma, kitie mafuta kidogo, kipashe hadi kiwe moto kweli, ndipo umimine. Unga ukigusa chuma ulie chaaa, kama unavyolia vitumbua. Ule ukoko wa chini ndio watoto wanaoukumbuka. Oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25.

Mimi huoka keki za kuuza Nakuru, natumia mapishi ya Kimarekani kutoka mtandaoni. Wanataka brown sugar. Nimetumia sukari yetu ya kahawia lakini keki inatoka kavu, tena inazama katikati. (Mwokaji, Nakuru)

Dada, hapo kuna matatizo mawili na nitayatenganisha.

Sukari yetu ya kahawia ya dukani ni chembe kavu. Ile ya Marekani imelowa molasi, yale maji mazito meusi yanayobaki miwa ikitengenezwa sukari, ukiifinya inashikamana kiganjani, na unyevu huo ndio unaoifanya keki iwe laini. Chukua kikombe cha sukari nyeupe, tia kijiko kimoja cha chakula cha molasi, usugue kwa uma hadi rangi ienee. Ukitaka ile nyeusi zaidi, tia vijiko viwili. Hakikisha molasi ni ya chakula cha watu, kwa sababu kwenu Kenya nyingine huuzwa kwa ajili ya ng'ombe. Ukiikosa, kwaruza sukari nguru nzuri, isiyo na mchanga, uchanganye nusu kwa nusu na sukari nyeupe, na uongeze kijiko cha maziwa.

Kuzama katikati nadhani hakuhusiani na sukari. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mapishi mengi ya Kimarekani yameandikwa kwa watu wa mabondeni. Huko juu hewa ni nyepesi, keki inaumuka upesi kabla haijashika, halafu inaporomoka. Kila kijiko cha chai cha bekingi poda, punguza robo. Ongeza kimiminika kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kila kikombe cha unga, na upandishe joto la oveni kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Punguza pia sukari kidogo. Usibadilishe vyote siku moja. Anza na bekingi poda, uone keki itakuambia nini, kisha uendelee. Wateja wako watakusubiri wiki moja.

Na angalia paketi ya unga. Kenya kuna unga uliokwishatiwa bekingi poda kiwandani. Ukiongeza nyingine juu yake, keki lazima ianguke.

Asalamu alaykum. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Mume wangu alisoma Texas na anatamani pai yao ya karanga za pecan. Inataka sharubati ya mahindi, na vanila yao ina pombe. Nifanyeje? (Bi mkubwa wa nyumba, Muscat)

Waalaykum salaam bibie. Vanila kwanza, maana ndiyo inayokutia wasiwasi, na ni kweli: kwa sheria ya Marekani, kitu kinachouzwa kwa jina la rojo halisi ya vanila sharti kiwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Huihitaji. Agizia nyumbani vijiti vya vanila. Unguja vipo kwenye mashamba ya viungo, na Kagera na Uganda wanalima pia. Pasua kijiti kwa urefu, kifukie kwenye chupa ya sukari, ufunge, uache wiki mbili. Sukari hiyo itie kwenye pai, na zile punje nyeusi za ndani ukwangue uzitie pia. Harufu yake hailingani na ya chupa hata kidogo.

Sharubati ya mahindi kazi yake ni kuleta utamu na kuizuia sukari isigande chembe. Asali nyepesi inaiweza. Wewe uliyeko Oman unayo asali ya tende, na mimi ningechanganya: theluthi moja asali ya tende, theluthi mbili asali nyepesi ya nyuki. Ya tende ukiitia peke yake pai itakuwa nyeusi na nzito mno. Pecan zikikosekana tia korosho za Mtwara, zilizokaangwa kidogo bila chumvi. Si pecan, lakini ni pai nzuri, na mumeo ataimaliza.

Tunakaa Kigali, watoto walikulia Marekani. Makaroni kwa jibini bila jibini ya chedari inawezekana? (Mama watatu, Kigali)

Inawezekana sana. Mna jibini ya Gishwati, na mara nyingine ya Masisi, Kongo, inavuka mpaka. Zote ni za namna ya gouda na zinayeyuka vizuri. Kaanga kijiko cha siagi na kijiko cha unga, mimina maziwa polepole ukikoroga hadi yawe mazito, epua, ndipo utie jibini iliyokwaruzwa. Ukitia sufuria ingali motoni, jibini itajikunja na kuachana na mafuta. Chedari ina ukali ambao gouda haina, kwa hiyo ongeza haradali kidogo, ncha ya kijiko. Rangi ya machungwa wanayoitamani watoto ipate kwenye manjano, kidogo sana.

Kitabu changu kinasema "stiki moja ya siagi" na "oveni nyuzi 350". Mimi nina jiko la mkaa na sufuria, niko Tanga. (Msomaji wenu)

Stiki moja ni gramu 113, sawa na nusu kikombe. Kikombe chao ni mililita 240 kasoro kidogo, basi tafuta kikombe cha chai chenye kiasi hicho na utumie hicho hicho kila siku. Siagi iwe siagi kweli, kwa sababu zile za kupaka mkate nyingi zina maji zaidi na biskuti zitatambaa. Pale wanapotaka mafuta meupe ya mgando, ya kwetu ya kopo yanafaa bila kubadilisha kipimo.

Nyuzi 350 zao za Farenhaiti ni kama 175 za Selsiasi, moto wa wastani. Panga mawe madogo au mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, funika, palia makaa juu ya mfuniko, uache ipate moto. Tia kijiko cha unga wa ngano kwenye kifuniko cha bati na ukiweke ndani. Ukipata rangi ya hudhurungi hafifu baada ya kama dakika tano, moto umefaa. Ukiungua kabla ya hapo, punguza makaa ya chini, ya juu yaache. Keki ya mkaa huungulia chini kabla ya juu haijaiva, kwa hiyo makaa mengi yawe juu ya mfuniko, ya chini yawe machache, na usifunue kabla ya nusu saa.