Kabla Hujaandika Kwamba Watu Wamepita Kiasi

Sentensi ya kwanza ya kazi yangu ya muhula ilisema kwamba Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ina watu milioni moja. Niliiandika bila kusita. Nilikuwa nimeiona idadi hiyo magazetini, nimeisikia redioni na kuikuta katika tovuti zaidi ya kumi, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekimbizana na tarehe ya mwisho, kumi zilitosha. Mhadhiri aliizungushia duara la wino mwekundu, akaandika pembeni: "Nani aliwahesabu?"

Swali hilo lilininyima raha siku mbili. Nilipofungua matokeo ya sensa ya 2009 nilikuta kwamba vijiji vya Kibera, vikijumlishwa vyote, vilikuwa na watu wapatao 170,000. Sensa ya 2019 ilipata watu 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra, ambayo Kibera ni sehemu yake. Ile milioni moja ilikuwa imepokezanwa kwa miaka, kila mwandishi akimnukuu aliyemtangulia, na hakuna aliyerudi kubisha hodi na kuuliza: nyumba hii mnalala wangapi?

Sasa nimemaliza masomo, na kila muhula wanafunzi wa jiografia, sosholojia na mazingira hunijia na mada ile ile: ongezeko la watu kupita kiasi. Naipenda mada hii kwa moyo wote. Pia huniingiza hofu, kwa kuwa ikiandikwa ovyo huishia kumlaumu mama maskini kwa shida ambazo hakuzileta yeye.

Anza na maneno yenyewe. Ukisema kitu kimepita kiasi, umeshakiri kwamba kiasi kipo na unakijua. Kiasi cha nini basi? Cha ardhi ya kulima? Cha maji ya bomba? Cha madawati, vitanda vya hospitali, ajira? Cha moshi ambao anga linaweza kuubeba? Kila jibu ni kazi tofauti, yenye vitabu vyake na takwimu zake. Mwanafunzi asiyechagua hufika ukurasa wa saba akizungumzia njaa, ukataji wa miti, foleni za magari na ukosefu wa kazi kwa pumzi moja, na hakuna hata kimoja alichokieleza. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivyo.

Chukua Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073, yaani watu 6,247 kwa kila kilomita mraba. Ukiishia hapo umeandika jambo la kweli lisilomsaidia msomaji. Shuka hadi kaunti ndogo: Mathare ilikuwa na watu 68,942 kwa kilomita mraba, Lang'ata 911. Ni jiji moja na sensa moja. Hata hiyo 911 inahitaji maelezo, kwa sababu Lang'ata imebeba eneo kubwa la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako hakuna makazi ya watu.

Nilipanda matatu hadi Juja Road, nikatembea Mathare asubuhi nzima nikiandika bei ya mtungi wa maji na urefu wa foleni. Kisha nikavuka Thika Road hadi upande wa Muthaiga, mwendo wa miguu tu, ambako kiwanja cha nyumba moja kingetosha ploti nzima ya wapangaji. Baada ya matembezi hayo sikuweza tena kuandika kwamba Mathare maji hayatoshi kwa sababu watu ni wengi, kisha nikaweka nukta. Wingi upo, tena mkubwa, na bomba moja haliwezi kuubeba. Lakini jiji hili lilipangwa enzi za ukoloni kwa rangi ya ngozi, na mipaka ile bado inasomeka kwenye ramani. Nani alipewa nafasi ya kujitandaza, nani akabanwa bondeni, mabomba yalielekezwa wapi: hayo nayo ni sehemu ya jibu. Nakusihi, kama unaishi Nairobi na unaandika mada hii, usiandike ukurasa hata mmoja kabla ya kutembea hivyo. Nauli yake ni ndogo kuliko bando utakayoteketeza ukitafuta picha za mitaa hiyo hiyo.

Mwishowe nilipunguza swali langu hadi hili: watu wa Nairobi wanaongezeka kwa kuzaliwa au kwa kuhamia? Mwaka 1969 jiji lilikuwa na watu 509,286. Kwa miaka 50 limekua zaidi ya mara nane. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ni uzazi. Wewe ukiandika sasa una ripoti mpya kuliko niliyotumia mimi, ya KDHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya) ya 2022, nayo inasema wastani wa watoto kwa mwanamke ni 2.5 Nairobi, 3.4 Kenya nzima na 7.7 Mandera. Kwa hivyo mama wa Nairobi hazai watoto wengi. Jiji linajazwa na wanaoshuka kwenye mabasi ya usiku na mabegi yao, na kwa kuwa wengi wao ni vijana walio katika umri wa kuzaa, hata wakizaa wawili wawili, vizazi ni vingi.

Na wanaoshuka wanatoka wapi? Wazazi wangu walitoka Vihiga. Ni kaunti ya wakulima, lakini mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,047 kwa kilomita mraba, ikitanguliwa na Nairobi na Mombasa peke yake. Shamba la babu liligawiwa wanawe wanne, na kipande kilichomwangukia baba hakikutosha mahindi ya kuifikisha nyumba Desemba. Akaja Nairobi. Nilipoandika sentensi hiyo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa naandika kuhusu nyumbani kwetu, na kazi yote ikabadilika.

Sasa kuhusu hesabu, maana hapa ndipo alama nyingi hupotea. Usichanganye idadi, kasi na uzazi. Ni vitu vitatu. Utafiti wa uzazi wa 1977–78 ulikuta mwanamke wa Kenya akizaa wastani wa watoto 8.1. Kutoka hapo hadi 3.4 ni mteremko mkubwa. Hata hivyo idadi imepanda kutoka milioni 15.3 mwaka 1979 hadi 47,564,296 mwaka 2019. Wanafunzi wengi wakiona hayo mawili hudhani takwimu mojawapo ni ya uongo. Zote ni za kweli. Watoto waliozaliwa wakati wa uzazi mkubwa wamekua, nao wanazaa. Kila mmoja anazaa wachache kuliko mama yake, lakini wazazi wenyewe wameongezeka mno. Ni kama gari zito lililoshikwa breki kwenye mteremko: linapunguza mwendo, lakini halisimami papo hapo. Ukilieleza hili kwa maneno yako mwenyewe, mhadhiri atajua umeelewa.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia: gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji kwa mwaka, utapata takribani miaka ambayo idadi itachukua kuongezeka maradufu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikua kwa karibu asilimia 3.8, yaani maradufu kwa miaka 18 hivi. Kati ya 2009 na 2019 kasi ilikuwa asilimia 2.2, yaani miaka kama 32. Hesabu hiyo unaweza kuifanya nyuma ya bahasha, na inashinda sentensi kumi za "watu wanaongezeka kwa kasi ya kutisha."

Takwimu zenyewe ziko wazi. Ripoti za sensa za KNBS, shirika la taifa la takwimu, unazipakua bila malipo, juzuu kwa juzuu. Kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC, kilicho hapa hapa Nairobi, kimefuatilia kaya za Korogocho na Viwandani tangu 2002, na tafiti zake ni hazina kwa yeyote anayeandika kuhusu mitaa ya mabanda. Kwa dunia, tumia makadirio ya Umoja wa Mataifa: watu bilioni 8 mnamo Novemba 2022, na katika makadirio ya 2024, kilele cha karibu bilioni 10.3 katikati ya miaka ya 2080, kisha kupungua. Hicho kilele kitaje, tafadhali. Kazi nyingi nilizosoma huandika kana kwamba mstari utapanda milele. Tena usisome sensa kama msahafu: mwaka 2010 serikali yenyewe ilikataa matokeo ya wilaya nane za kaskazini katika sensa ya 2009, ikisema yalipita ukuaji wa kawaida. Mahali idadi ya watu inaamua mgao wa pesa na viti vya bunge, kuhesabu ni siasa pia.

Kwenye vitabu, soma ugomvi, usisome upande mmoja. Kila mtu huanza na Malthus, mwanauchumi Mwingereza, na insha yake ya 1798, kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Kisha humrukia Paul Ehrlich, mwanabiolojia Mmarekani, ambaye mwaka 1968 alitabiri kwamba mamia ya mamilioni wangekufa kwa njaa katika miaka ya 1970. Halikutokea kwa kiwango hicho, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mbegu bora na mbolea. Mwaka 1980 mwanauchumi Julian Simon aliweka naye dau juu ya bei za metali tano kwa miaka kumi, Ehrlich akisema zitapanda, Simon akisema zitashuka; mwaka 1990 Ehrlich akalipa dola 576.07. Kisa hiki wanafunzi hukipenda, lakini kitumie kwa uangalifu. Waliopiga hesabu baadaye wameonyesha kwamba katika miongo mingi mingine Ehrlich ndiye angeshinda, na bei ya shaba haikuambii chochote kuhusu misitu iliyokatwa wala wanyama waliotoweka.

Upande wa pili yuko Ester Boserup, mwanauchumi wa Denmark, aliyesema mwaka 1965 kwamba watu wakibanana hubuni njia bora za kulima. Na hapo ndipo mwanafunzi wa Nairobi ana bahati ambayo wa London hana, kwa kuwa mfano unaojadiliwa dunia nzima uko Machakos. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba udongo wa Ukambani, iliko Machakos, unakufa na watu wamezidi. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Watu walichimba matuta ya "fanya juu" – jina hilo hilo la Kiswahili utalikuta katika vitabu vya uhandisi wa udongo vya Kiingereza – mara nyingi kwa nguvu za vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake. Watafiti watatu, Tiffen, Mortimore na Gichuki, waliyachapisha hayo kitabuni mwaka 1994.

Lakini usiishie hapo nako. Machakos iko karibu na soko la Nairobi, na mishahara ya waliohamia mjini ilisaidia kulipia mashamba yale. Je, Vihiga ilipata hivyo? Mandera je? Kurasa zangu bora ziliandikwa nikiulizana na kitabu hicho, na sikuzitegemea nilipoanza.

Ukienda kuzungumza na watu, omba ruhusa, eleza wewe ni nani, na usiandike jina la mtu asiyetaka. Muulize msimamizi wako mapema kuhusu vibali. Na chunga swali lako. Mathare nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akifua, "Mbona umezaa watoto watano?" Alinyamaza, akaendelea kufua, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa nimemkosea heshima. Kwa mwingine niliuliza, "Mama, ulipoolewa ulitamani watoto wangapi?" Huyo alizungumza karibu saa nzima: kuhusu mume, kuhusu kliniki iliyoishiwa na dawa za kupanga uzazi, kuhusu karo.

Vivyo hivyo kwa lugha ya kazi yenyewe. Ondoa "bomu", "mlipuko" na "mafuriko ya watu". Maneno hayo yaliwahi kugeuka amri: India mwaka 1975 hadi 1977 mamilioni walifungwa uzazi, wengi kwa kulazimishwa; China iliwapangia watu mtoto mmoja tangu 1980 hadi mwisho wa 2015. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Cairo mwaka 1994, ndio uliogeuza mjadala, haki na afya ya mwanamke vikatangulia mbele ya idadi, na Nairobi iliandaa kikao cha kuadhimisha miaka 25 yake pale kwenye jumba la mikutano la KICC, Novemba 2019. Kama kazi yako haina Cairo ndani yake, bado haijakamilika.

Kuhusu uandishi wenyewe sina mengi. Andika utangulizi mwisho. Weka marejeleo siku ile ile unaposoma, pamoja na ukurasa. Na kila tarakimu uiulize swali la yule mhadhiri.

Kabla ya kuwasilisha, nilimsomea nyanya sehemu iliyohusu kizazi chake, nikimtafsiria Kilogooli. Nilikuwa nimeandika kwamba alizaa watoto saba, chini kidogo ya wastani wa wakati ule. Aliinua mkono kunisimamisha. "Tisa, mjukuu wangu. Wawili walirudi kwa surua." Wastani ule wa 8.1 huhesabu waliozaliwa, na mimi nilikuwa nimehesabu wanaoketi mezani wakati wa Krismasi. Nilirudi kwenye rasimu nikaandika tisa, kisha nikaongeza aya kuhusu vifo vya watoto, ambayo haikuwa kwenye mpango wangu hata kidogo.