Prosesa ya 486 Iliyolala Stoo Ujiji

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba mdogo ameniachia kompyuta ya mezani ambayo imekaa stoo kwa miaka mingi. Juu ya prosesa yake, yaani chipu inayofanya mahesabu yote, pameandikwa Intel486 DX2-66. Rafiki yangu ashikilia kwamba hiyo 2 inamaanisha prosesa mbili, na fundi mmoja anataka kuinunua akidai kuwa ina dhahabu. Je, niiuze? Na kitufe cha Turbo kilichopo mbele ya kasha kina kazi gani?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, prosesa ni moja tu. Kampuni ya Intel ilipotoa 486 mwaka 1989, ikiwa na transista (swichi ndogo mno za umeme) zipatazo milioni 1.2, prosesa na mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipande vyote, zilikwenda kwa mwendo mmoja. DX2 ya mwaka 1992 ilikatisha utaratibu huo: mazabodi yako inakwenda kwa megahezi 33 (mapigo milioni 33 kwa sekunde), lakini ndani yake prosesa inakwenda kwa megahezi 66, yaani mara mbili, na hiyo ndiyo maana ya ile 2, na ili isikae ikisubiri data kutoka nje, imewekewa kumbukumbu ndogo ya akiba ya kilobaiti 8 palepale ndani. Kwa njia hiyo mtu alipata kasi zaidi bila kununua mazabodi mpya ya gharama. Herufi DX nazo zina maana, kwani zinaonyesha kuwa kikokotozi cha namba za desimali kinafanya kazi. Katika SX, toleo jingine la 486, zile za mwanzo za mwaka 1991, kilikuwamo lakini kimezimwa, kama chumba cha nyumba uliyolipia kilichopigwa kufuli.

Kitufe cha Turbo, licha ya jina lake, kiliwekwa ili kuipunguza kasi kompyuta, kwa sababu baadhi ya programu za zamani, hasa michezo, zilipima muda kwa mwendo wa prosesa ya megahezi 4.77, na katika mashine ya kasi zilikimbia hata zisichezeke.

Dhahabu ipo, lakini ni utando mwembamba juu ya pini 168, na kuitoa kunahitaji asidi za hatari. Kwa maoni yangu usimuuzie fundi huyo. Wapenzi wa mashine za kale huithamini prosesa nzima kuliko chembe hizo.

Ila usiiwashe kwanza. Mazabodi nyingi za enzi hiyo zina betri ndogo iliyogandishwa kwa risasi, ambayo huvuja na kula nyaya za shaba. Mwombe fundi mwaminifu aikate, asugue palipochafuka kwa mswaki wenye siki kidogo, kisha apasafishe kwa spiriti na kupaacha pakauke kabisa.