Marahaba, mdogo wangu, na hiyo habari ya kuja Uingereza

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa kituoni nangoja basi la alfajiri. Unasema umechoka kuzunguka Muheza ile ile, mtu hakui mpaka atoke kwenye mazoea yake, na mimi ndiye mfano wako. Na wakala kakuahidi, kwa milioni nane, barua ya udhamini uje kutunza wazee kama ninavyofanya mimi.

Huyo wakala usimpe hata shilingi. Mlango niliopitia mwaka 2023 ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Waajiri wa huku hawaruhusiwi tena kuchukua watunza wazee kutoka nje. Hata ulipokuwa wazi, viza ilikufunga kwa mwajiri mmoja. Akinyang'anywa leseni ya kuajiri wageni, una siku 60 za kutafuta mwingine au urudi kwenu. Mimi nilizila siku 41 kati ya hizo, nalala na simu kifuani. Sitaki uzijue.

Sasa huko kukua. Ndege haikunikuza, wala baridi. Kilichonibadilisha ni bafu la mzee mmoja hapa Leeds. Mimi, mwalimu wa jiografia niliyezoea wanafunzi kunikimbilia kunipokea mkoba, nilisimama mlangoni na glavu mikononi, miguu ikagoma. Unajua tulivyolelewa: utupu wa mzee hautazamwi, ni kujitafutia laana. Yule mzee akageuza uso ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi sipendi." Nikaingia. Nilikuwa na nusu saa ya kumwogesha, kumvisha na kumpa chai na dawa, kisha nikimbilie nyumba nyingine, na muda wa njiani hatulipwi. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba kumbe yule niliyemwita mwalimu alikuwa sare tu. Chini yake kulikuwa na mtu mwoga sana.

Kwa hiyo ni kweli, nimekua. Lakini tangu baba apate kiharusi mwaka jana, kila mgongo ninaousugua huku nauona wa kwake. Naosha baba za watu kwa mshahara, na baba yangu anaogeshwa na kijana ninayemlipa kwa simu. Hela nikituma, mnashukuru wote. Mimi nikishatuma nakaa kitandani na koti langu, sina hata hamu ya kuwasha taa.

Na kaka ameniambia jambo. Kijana akija kumwogesha baba, wewe unatoka nje, eti huwezi. Sikulaumu, mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Lakini unataka kuvuka bahari kutafuta kitu ambacho kiko chumba cha pili!

Usije. Hapana, ngoja: ukipata nafasi halali ya kusoma au ufundi, iwe Dodoma au Ulaya, nenda hata kesho, usimsubiri mtu akuruhusu. Mimi nisingetoka ningezeeka bila kujijua. Ila usije kwa barua ya kununua, na usije kwa sababu ya picha zangu. Zile nilipiga siku za jua.

Jumamosi hii mwambie yule kijana apumzike, siku yake nitamlipa. Maji yawe vuguvugu, yapime kwa kiwiko. Anza na uso. Taulo lisitoke kiunoni. Osha sehemu moja, nyingine zikiwa zimefunikwa. Mkono uliopooza usiuvute, ushike kwa chini. Kumvua shati anza na mkono mzima, kumvisha anza na ule mbovu. Na kabla hujamgusa popote mwambie, "Baba, sasa naosha mgongo," umngoje aitikie. Anachelewa kuitikia siku hizi, lakini anaitikia.