Mzazi Akienda Ulinzi wa Amani: Kumtunza Mtoto Anayebaki Nyumbani

Mwanajeshi akipangiwa kwenda ulinzi wa amani, maandalizi yote humzunguka yeye: chanjo, mafunzo, begi, karatasi. Mtoto huandaliwa jioni ya mwisho, kwa dakika chache, tena mara nyingi kwa uongo. Tunaofundisha na kulea watoto wa kambini tunaomba marekebisho yaanzie hapo, kwa sababu shida nyingi zinazoibuka darasani miezi mitatu baadaye hutokana na namna mtoto alivyoagwa.

Wanajeshi wa Tanzania wamekwenda Darfur, Lebanoni, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wa Kenya wako Somalia tangu Oktoba 2011. Zamu moja mara nyingi hufika mwaka. Kwa mtoto wa miaka 4, huo ni robo ya umri wake wote.

Kumuaga

Mtoto aliyeanza shule aambiwe wiki 2 au 3 kabla. Aliye chini ya miaka 5 aambiwe siku 3 au 4 kabla, maana ukimwambia mapema zaidi atauliza kila asubuhi kama leo ndiyo leo. Mweleze mambo matatu tu: baba anakwenda wapi, anakwenda kufanya kazi gani, na nani atabaki naye. Mwonyesheni nchi hiyo kwenye ramani, na ramani ibaki ukutani.

Aagwe akiwa macho. Kuondoka alfajiri mtoto akiwa usingizini, eti asilie, ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Kilio cha kuagana huisha siku hiyohiyo. Mtoto aliyeamka akakuta kitanda kitupu huanza kuogopa kulala, na mama akitaka tu kwenda sokoni anamng'ang'ania kanga.

Usimtajie tarehe ya kurudi. Kupokezana kwa vikosi hutegemea ndege na maamuzi ambayo familia haiyajui, na wiki kadhaa zikiongezeka si jambo la ajabu. Wapo wanaojaza chupa peremende, moja kwa kila siku iliyobaki. Peremende zikiisha na baba hajatokea, mtoto humalizia hesabu mwenyewe kwa jibu baya kabisa. Tumia kalenda ya matukio: likizo ya Juni, siku ya kuzaliwa ya mdogo wake, mitihani ya Novemba, Krismasi au Idi. Mwambie, "Baba atarudi baada ya haya kupita, na tukipata taarifa nitakwambia siku ileile."

Na tafadhali, wajomba na babu zetu, msimwambie mtoto wa kwanza, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Inasemwa kwa mapenzi, lakini kijana wa miaka 11 huipokea kama amri. Anaacha kucheza, anawachapa wadogo zake, anakaa macho usiku kulinda mlango, na hathubutu kulia. Mpe kazi moja inayolingana naye, kama kufunga geti au kumwagilia mboga, kisha mwambie waziwazi kwamba wakubwa wapo.

Anayeondoka akiwa ni mama, ndugu huwa na haraka ya kugawana watoto: mmoja kwa bibi, mwingine kwa shangazi, mchanga kwa mama mdogo. Wabaki pamoja kadiri inavyowezekana, hata kama nyumba itabana. Mtoto aliyetenganishwa na mama na ndugu zake kwa mpigo mmoja hana tena mtu anayekumbuka naye nyumbani.

Kabla ya safari, tayarisheni bahasha moja: vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA (wakala wa usajili wa Tanzania), cheti cha ndoa, nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, kadi za kliniki na matibabu, namba ya kila mwanafunzi kwenye PReM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi Tanzania), na barua ya mzazi inayomtaja mlezi na kumruhusu kutoa uamuzi shuleni na hospitalini. Bahasha ikae kwa mlezi. Karatasi nyingi hukwama kwa sababu ziko kwenye kabati na ufunguo uko kwenye begi la aliyesafiri.

Simu

Kongo mashariki iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 1, Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa saa 2. Mogadishu iko sawa na sisi. Kwa hiyo mtoto akimaliza kula saa 2 usiku, Beni, huko Kongo mashariki, ni saa 1 na Bangui ni saa 12 jioni. Chagueni siku mbili kwa wiki, lakini muziite "siku ambazo baba hujaribu kupiga." Mtandao hukatika na mzazi huenda doria. Simu isipopigwa, fanyeni kitu kingine muda uleule: mtoto achore, au arekodi ujumbe wa sauti wa dakika 1 utakaotumwa mtandao ukirudi. La muhimu ni kwamba ile nusu saa isibaki tupu.

Kwa wadogo, mzazi arekodi sauti kabla ya kuondoka: hadithi 5 au 6, wimbo wa kulala, dua au sala ya usiku. Na simu isigeuzwe mahakama. "Subiri nimwambie baba yako ulivyofanya" humfanya mtoto aikimbie sauti anayoihitaji. Picha za baba akiwa na sare, jina la kambi na siku ya safari zisiwekwe mitandaoni, na vijana waelezwe sababu: adui anayemtafuta baba naye husoma mitandao.

Shuleni

Mlezi aende shule ndani ya wiki ya kwanza, azungumze na mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi, aache namba 2 za simu. Walimu, jueni dalili zinazojificha. Mtoto wa awali hurudia kujikojolea au kunyonya kidole. Wa darasa la 2 hadi la 5 huumwa tumbo asubuhi, na kliniki haioni kitu. Kijana wa sekondari huwa mkali, hutoroka vipindi, au hukaa kimya kupita kiasi na kusifiwa kwamba ametulia. Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika. Dalili zikivuka wiki 6, au akisema hataki kuishi, hilo ni la mtaalamu wa afya, tena leo. Adhabu haitibu chochote hapo.

Mpangie mtu mzima mmoja shuleni, dakika 10 kila wiki, siku ileile. Asimhoji, wapange vitabu pamoja au wamwagilie bustani. Maneno huja yenyewe mikono ikiwa na kazi.

Uhamisho wa kikazi nao huwang'oa watoto hawa. Mwalimu mkuu wa shule ambayo mtoto anaihama aishughulikie taarifa yake kwenye mfumo wa PReM kabla familia haijapakia vyombo, na mtoto aondoke na nakala ya maendeleo yake pamoja na madaftari ya muhula. Aliye darasa la 4, la 7, kidato cha 2 au cha 4 asihamishwe usajili wa mtihani ukishakamilika kama kuna ndugu wa kukaa naye hadi amalize. Kumfuatisha mzazi wakati huo huleta usumbufu ambao yeye ndiye anayeulipia.

Kuwaheshimu hadharani kuna siku zake. Marekani huutenga mwezi wa Aprili kwa watoto wa wanajeshi tangu 1986, na watu huvaa zambarau. Kwetu, Mei 29, siku ya kimataifa ya walinzi wa amani, huangukia muhula wa masomo; Kenya ina Oktoba 14, siku ya majeshi yake. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha. Muulize mtoto siku moja kabla, faraghani, kama anataka kutajwa. Wapo wanaotaka na wapo wanaochukia kusimamishwa mstarini. Wafundishe wenzake kutouliza "baba yako ameua wangapi?" Wakumbukeni waliofiwa, na wale ambao mzazi alirudi akiwa mgonjwa. Msiwavike watoto nguo za kombati: Tanzania na Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na Agosti 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, liliwapa raia siku 7 kuzisalimisha. Utepe wa rangi mkononi unatosha.

Habari mbaya zikija

Januari 15, 2016 kambi ya Wakenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa. Desemba 7, 2017 wanajeshi wa Tanzania waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo. Siku kama hizo picha na uvumi huzunguka kwenye simu haraka kuliko taarifa rasmi. Habari ikivuma, zima televisheni, kusanya simu za watoto, mwambie aliye mkubwa, "Kuna shambulio limetokea. Hatujui kuhusu baba. Tukijua, wewe utajua kutoka kwangu." Shule iwe na mtu mmoja wa kuwasiliana na familia, na mtoto asichukuliwe darasani na jirani mwenye uvumi.

Ikiwa ni msiba, tumia neno "amefariki" au "amekufa." Kwa watoto wengine "amesafiri" ni neno la kufunika tu, kwa mtoto wa mwanajeshi ni hatari, maana anajua kutoka safarini watu hurudi. Atasubiri. Kabla ya mazishi mweleze atakachokiona: jeneza lenye bendera, gwaride, na risasi za heshima zenye kishindo kikubwa. Akitaka kukaa mbali, akae, na mtu anayempenda akae naye hukohuko. Miezi inayofuata, mlezi mmoja afuatilie mafao na mirathi akiwa na ile bahasha, na mwalimu aendelee na zile dakika 10.

Kurudi

Familia hudhani shida imekwisha ndege inapotua. Hapo inaanza nyingine. Mtoto wa miaka 2 anaweza kujificha nyuma ya mama. Asilazimishwe kumkumbatia baba. Baba akae chini, kimo cha mtoto, amwache aje. Wiki 2 za kwanza aliyebaki nyumbani aendelee kusimamia nidhamu na ratiba, na aliyerudi aulize kabla ya kubadilisha chochote: nani sasa analala wapi, nani anampeleka nani shule, mtoto ameacha kuogopa nini. Kutoa amri siku ya pili, kana kwamba nyumba ilisimama mwaka mzima ikimsubiri, huwaudhi wote na humuumiza zaidi yule kijana aliyekuwa akifunga geti. Amshukuru kwa kazi hiyo kwa kuitaja, kisha wakubaliane kama ataendelea nayo.

Kishindo cha sufuria kikimshtua mzazi, au akiamka usiku akipiga kelele, mtoto aelezwe kwamba kazi imemchosha baba na si yeye aliyemkosea. Mzazi naye aende hospitali ya kambi mapema, wiki hizohizo za mwanzo, kabla mtoto hajajifunza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yake.